Jinsi Vita vya Mzee Igga Vilivyokwisha

Malakia, Juba
21 Agosti 2016

Mpendwa Mjomba Ezbon,

Salaam nyingi kwako na kwa bibi yangu, Haboba. Sisi tuko. Mama amesema nianze na neno hilo kwa sababu ndilo Haboba atakalotaka kulisikia kwanza. Tuko wawili, mimi na Mama, na nyumba ina mlango. Ule wa zamani uliibiwa mwezi wa saba wakati wa mapigano, sasa fundi Lagu ametuchomelea mwingine wa bati. Unalia kama mbuzi kila ukifunguliwa. Mama anasema ni afadhali, mwizi hataingia kimya.

Mama ameanza tena safari za Nimule kuleta vitunguu. Haboba asiogope, magari yanakwenda kwa msafara. Mama anasema akipata nafasi atavuka mpaka aje huko kambini Adjumani kumwona.

Shule imefunguliwa. Tumebaki kumi na wanne darasani. Mwalimu wa historia ameondoka na familia yake, na kitabu cha historia ya Ulaya, ambacho kilikuwa kimoja kwa darasa zima, hakipo. Wiki iliyopita nilinunua karanga soko la Konyokonyo nikaona zimefungwa kwa ukurasa wa 112. Nilimwomba yule mama kurasa nyingine, akasema zimekwisha, watu wanapenda karanga. Ule mmoja nimeusoma mara nyingi. Unaanza katikati ya sentensi na unaishia katikati ya nyingine.

Mtihani ni mwezi wa pili. Swali ninaloliogopa kuliko yote ni la 1914: mtu mmoja anauawa katika mji mmoja, halafu Ulaya nzima inaingia vitani. Naelewa kila neno, ila majina ya nchi yananiponyoka, nachanganya nani alimpiga nani. Basi nimebuni njia, usinicheke. Nimezipa nchi majina ya majirani.

Austria ni Mzee Igga, kwa sababu ana uwanja mkubwa na anadhani uwanja wa kila mtu ni wake. Serbia ni Duku, yule mpangaji anayegombana naye juu ya bomba la maji. Urusi ni Tombe, mwenye watoto kumi na mmoja. Ujerumani ni fundi Lagu, kwa ajili ya vyuma. Ufaransa ni Gune, anayependa mavazi. Ubelgiji ni Mama Natalina, kwa vile uwanja wake mdogo uko katikati ya Lagu na Gune. Na Uingereza ni Konga, anayekaa ng'ambo ya mto, Gumbo, na ana mitumbwi mitatu.

Wewe ulifundisha historia miaka mingi huko Uganda. Naomba unieleze kwa majina haya. Haboba anawajua karibu wote, msomee, atacheka.

Mimi mtoto wako,
Rebecca

Karatasi ya pili (yako peke yako, ichome kama kawaida)

Mjomba, Mama alipigwa kwenye kizuizi cha wanajeshi safari iliyopita. Bega linamuuma. Amenikataza kukuandikia.

*

Adjumani
16 Septemba 2016

Mwanangu Rebecca,

Tumefurahi mno. Mama yako yuko hapa tangu jana, ameketi na Haboba kwenye turubai. Naandika huku nikiwasikia. Haboba anamwambia, "Teresina, umekonda kama ufagio." Mama yako anajibu, "Ufagio ndio unaofanya kazi, Mama." Haboba amecheka mpaka akakohoa. Kuhusu majirani zako alisema umemwonea Natalina bure, ila Igga umempatia kabisa.

Sasa somo. Nitatumia majina yako, wala sitaandika jina la nchi hata moja wala mwaka, ili ujilazimishe kukumbuka.

Kijana wa upande wa Duku alimpiga risasi mrithi wa Igga, pamoja na mke wake, wakiwa ndani ya gari. Kijana huyo alikuwa na miaka kumi na tisa. Dereva alikosea njia, akasimama mbele yake. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, wanaandika kwamba risasi ile ndiyo iliyoleta vita. Siyo. Ulipita karibu mwezi mzima watu wakila na kwenda sokoni. Katika mwezi huo wangeweza kukaa na kuzungumza. Walitumia siku hizo kuulizana siri: nikipiga, utakuwa upande wangu? Lagu akamwambia Igga: piga, niko nyuma yako. Mwezi wa saba ndio ulioharibu kila kitu.

Igga akampa Duku masharti na saa arobaini na nane. Duku akakubali karibu yote, lakini Igga alikuwa hataki kukubaliwa, alitaka kupiga. Tombe ni rafiki wa Duku, akaanza kukusanya watu wake, na watu wake ni wengi. Lagu alipoona hivyo akaogopa. Mpango wake aliuandaa miaka mingi, nao una njia moja tu: ampige kwanza Gune, rafiki wa Tombe, haraka, kisha amgeukie Tombe. Na njia ya kwenda kwa Gune inapita uwanjani kwa Natalina. Natalina hakumkosea mtu. Akaambiwa afungue lango, akakataa, likavunjwa. Konga alikuwa ameahidi zamani kuulinda uwanja ule, naye akavuka maji.

Andika hili kwenye mtihani kwa maneno yako: kila mmoja alisema anajilinda. Na wengi walidhani itakwisha kabla ya Krismasi.

Jinsi ilivyokwisha ni somo refu zaidi. Hilo nitakueleza kwa mdomo tukikutana, maana halifai kuandikwa haraka.

Mama yako anaondoka kesho asubuhi. Barua hii naiweka kwenye mfuko wake, chini ya kitambaa cha Haboba.

Mjomba wako,
Ezbon

*

Malakia, Juba
9 Oktoba 2016

Mpendwa Mjomba,

Salaam kwako na kwa Haboba. Mvua ni nyingi. Mlango wetu bado unalia. Mama ni mzima, anamsalimia Haboba sana na anamshukuru kwa kitambaa. Yuko na kazi nyingi, ndiyo maana hakuandika mwenyewe. Mimi nasoma.

Rebecca

Karatasi ya pili (ichome)

Mjomba, Mama hajafika nyumbani. Ni wiki tatu.

Nilingoja siku tano nikidhani msafara umechelewa. Siku ya sita nilikwenda Gumbo kwenye malori nikamkuta Lemi, dereva wake. Alikuwa hataki kuzungumza nami. Nilisimama tu karibu na gurudumu mpaka akaona aibu. Akaniambia: kwenye kizuizi kabla ya daraja, Mama alishushwa, mfuko ukamwagwa, wakaona barua yako. Mwanajeshi mmoja aliyekulia Uganda akaisoma kwa sauti. Igga, Duku, Lagu ana mpango, Konga anavuka maji, mwezi wa saba. Wakamuuliza Mama hawa ni akina nani. Mama akajibu ukweli, kwamba ni majirani zetu wa Malakia. Hakujua kingine, unajua hasomi.

Wakampeleka kwenye kituo chao. Simu yake wameichukua, na namba yako haipatikani. Siku ya saba wanajeshi walikuja mtaani kumuulizia Mzee Igga. Alikuwa ametoroka tayari, habari zilimfikia mapema. Sasa nalala kwa Mama Natalina. Duku ananitazama kama mchawi.

Ile orodha ya majina na nchi niliiandika kwenye barua yangu ya Agosti, na kwingine kokote haipo. Naomba uirudishe. Mpe Lemi. Naomba sana. Ni mimi niliyetaka majina haya.

*

Adjumani
2 Novemba 2016

Mwanangu Rebecca,

Tuko wazima. Haboba anakusalimia. Mahindi yaliyopandwa nyuma ya hema yameota vizuri.

Kuhusu jambo lako, barua ile sijaiona. Njia nayo si nzuri. Nitaendelea kutafuta. Usikae karibu na wanajeshi.

Usiache kusoma. Lazima watauliza pia kwa nini watu wa Paris waliinuka mwaka 1789. Wengi watajibu: njaa. Ni kweli mkate ulikuwa ghali, na waliotozwa kodi ni wale waliokuwa na kidogo. Lakini njaa ilikuwepo miaka mingi kabla, na katika nchi nyingi. Mwaka ule mfalme, kwa kukosa fedha, aliita mkutano na akaruhusu kila kijiji kiandike malalamiko yake. Watu wakaandika. Ndipo kila mmoja akagundua kwamba hayuko peke yake, na baada ya hapo ikawa vigumu kuwarudisha kwenye kunyamaza.

Ezbon

*

Malakia, Juba
27 Novemba 2016

Mjomba,

Karatasi ya Haboba nimeiandika, ni ile iliyokunjwa mara mbili. Humo Mama anauza vitunguu na anaimba kanisani. Msomee kama unaweza.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ukurasa wa 112. Umeniandikia habari za Paris. Neno "Mama" halimo hata mara moja. Samahani kwa kusema hivi, sijawahi kusema hivi kwa mtu mzima.

Lakini ile habari ya malalamiko ilinikaa kichwani. Wale walikuwa wameulizwa, mimi hakuna atakayeniuliza. Basi nikaenda mwenyewe. Siku kumi nilikaa nje ya lango la kile kituo na sikuweza kufungua mdomo. Unanijua, darasani nikiitwa jina natoka jasho. Siku ya kumi na moja ofisa wao alitoka akanikuta pale kwenye foleni ya maji, akasema, "Huyu msichana iko hapa kila siku. Anauza nini?"

Nikasema siuzi kitu. Mimi ni mtoto wa Teresina.

"Teresina ya barua?"

"Ndiyo, afande."

Akaleta barua yako, Mjomba. Imekunjwa mpaka imeanza kukatika. Akanipa nikaisoma yote hapo hapo, kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, "Hii Igga iko wapi?"

Nikasema, "Austria, afande."

"Austria iko wilaya gani, payam gani?"

Wanajeshi wakacheka. Mmoja akasema, "Ya bitt, wewe msichana, sisi tumelinda payam zote, hiyo hatujaona." Nikaona majerikeni kwenye foleni, nikauliza kama naweza kuyatumia. Wenyewe walikasirika lakini ofisa akasema acha. Nikayapanga saba. Lile la lita ishirini lenye ufa nikalifanya Austria. Dogo la mafuta ya kupikia nikalifanya Ubelgiji. Nikaeleza kama ulivyoandika: gari likakosea njia, mwezi mzima ukapita, masharti, saa arobaini na nane. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilipolisukuma jerikeni la Ujerumani likamwangusha yule mdogo, yule aliyekuwa akicheka aliacha kucheka.

Ofisa akauliza, "Huyu kidogo alifanya nini?"

"Hakufanya kitu, afande. Alikuwa njiani tu."

Kisha akauliza, "Na mama yako iko jerikeni gani?"

"Hayumo, afande. Lakini kama angekuwemo, angekuwa huyo."

Nilidhani atanipiga. Akauliza tu, "Sasa hii vita ilikwisha namna gani?"

Nikamwambia sijui. Najua mwaka tu. Nikasema mjomba wangu bado hajanifundisha, alisema atanieleza kwa mdomo tukikutana.

Akasema, "Mimi nimekamata watu mingi. Mtu ya kudanganya iko na mwisho ya stori tayari. Wewe huna."

Ananiamini, Mjomba. Lakini anasema wakubwa wake hawawezi kuamini majerikeni, wanataka karatasi. Akasema niitafute upesi, maana wiki chache zijazo atahamishwa, na ofisa atakayekuja yeye mwenyewe hamjui. Alinionyesha Mama kwa mbali, kupitia matundu ya uzio. Alikuwa amekaa chini. Kitambaa cha Haboba alikuwa amekifunga begani, lile bega baya. Hakuniona.

Hapa hakuna cha kuchoma. Naomba ile barua ya Agosti.

Rebecca

*

Adjumani
10 Desemba 2016

Rebecca, mwanangu,

Leo hakuna karatasi mbili. Haboba ameketi mbele yangu na amekataa niandike mbili.

Nikuambie ninayokuficha. Sikuitafuta barua yako kwa sababu niliamini nimeichoma. Nakumbuka moto na nakumbuka mkono wangu. Uliponiomba, niliona aibu kuandika neno hilo: nimechoma. Jambo la pili ni baya zaidi. Mwezi wa kumi nilifika Nimule nije nikusaidie. Nilikaa siku mbili kwenye benchi ya duka la chai nikiangalia magari yakijipanga. Walileta gari moja lililotobolewa kwa risasi. Nikarudi Adjumani nikakuandikia habari za Paris.

Juzi niliisoma karatasi yako iliyokunjwa mara mbili, ile ya kuimba kanisani. Haboba akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ezbon, tangu lini Teresina akaimba? Huyo mtoto anadanganya, na wewe unamsaidia. Binti yangu yuko wapi?" Nikamwambia. Hakulia. Akaingiza mkono ndani ya foronya ya mto wake akatoa karatasi zako zote, zile za kwanza ninazomsomea yeye. Kumbe kila mara nilipochoma, nilichoma ya pili tu, na yeye aliokota ya kwanza. Hajui kusoma hata herufi, lakini ile ya Agosti aliijua mara moja. "Ni hii yenye Igga," akasema. "Hii nilicheka."

Orodha yako ipo, Rebecca. Igga ni Austria, kwa mwandiko wako, na tarehe juu.

Barua hii nampa Lemi itangulie. Karatasi yenyewe simpi mtu. Nimeishona ndani ya koti langu na nakuja nayo Jumatano, tarehe 14, kwa msafara. Nitasimama mbele ya ofisa huyo niseme: mwandiko wa barua mliyoikamata ni wangu, somo ni langu, mama wa mtoto huyu alibeba tu. Haboba atakaa na jirani zetu hapa kambini.

Tukishamtoa mama yako, tutakaa mlangoni, huo unaolia, nikueleze jinsi vita vile vilivyokwisha. Nimeshaanza kupanga maneno.

Ezbon

*

Malakia, Juba
26 Februari 2017

Mpendwa Haboba,

Sijui ni nani anakusomea barua hii. Yeyote uliye, nakuomba usiruke neno. Haboba hataki karatasi mbili.

Mama ametoka. Alitoka tarehe 14 Desemba asubuhi, bila karatasi yoyote. Yule ofisa alikuwa anahama siku hiyo, na kabla ya kupanda gari alifungua mlango akasema, "Mama, nenda nyumbani, mtoto yako iko na shule." Hakuna aliyemzuia, au hakuna aliyekuwa anaangalia. Mama alitembea peke yake kuvuka daraja lote. Nilipousikia mlango unalia nilidhani ni Mama Natalina.

Jumatano hiyo hiyo Mjomba alipanda gari Nimule. Lemi alikuwa ameniletea barua yake siku mbili kabla, kwa hiyo tulikuwa tunamngoja. Mama alipika. Alhamisi wakaja watu wa msafara wakasema ulishambuliwa njiani, magari mawili ya nyuma yakachomwa, wengine walikimbilia porini na wengine hawakukimbia. Lemi alirudi pale. Anasema aliona viatu vingi. Hakuona koti.

Tumeuliza kila hospitali ya Juba na kila kanisa. Mama anakwenda Gumbo kila siku kusimama kwenye malori na kuuliza. Hasafiri tena, anauliza tu. Mzee Igga alirudi kutoka mafichoni mwezi wa kwanza. Nilidhani atanifukuza mtaani. Alikuja hadi mlangoni, akauliza, "Wewe ndiye uliyenipa Austria?" Nikasema ndiyo, naomba radhi. Akasema, "Ni kubwa?" Nikasema ilikuwa kubwa, ikavunjika vipande. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayemsindikiza Mama mpaka darajani.

Haboba, ulitunza karatasi yangu bila kujua kilichoandikwa, na ilikuwa ndiyo hasa. Wewe hukukosea. Naandika hili kwa sababu Mama anasema lazima unajilaumu kwa kuitoa. Ni mimi niliyetaka majina. Ni mimi niliyeomba mara mbili.

Mtihani wa historia ulikuwa juzi. Swali la tatu lilikuwa la 1914. Nililijibu lote, hata dereva aliyekosea njia, na nikaandika kwamba kila mmoja alisema anajilinda. Swali la nne liliuliza jinsi vita hivyo vilivyokwisha. Wenzangu waliandika. Kuna msichana alinisukumia karatasi yake ninakili, akaninong'oneza, "Khalas, basi, andika chochote."

Nilitoa tarehe na mwaka. Chini yake nikaacha ukurasa mzima wazi. Msimamizi alipopita akaniuliza kama nimemaliza, nikasema bado, kuna mtu anakuja kunieleza.

Mjukuu wako,
Rebecca